Safari ya Baiskeli Bondeni: Tunza Afya Yako Njiani

Mavuno yakiisha na mpunga ukiingia ghalani, watu wa bondeni hupata nafasi ya kupumzika. Mvua za masika zimepita. Njia zimekauka. Huu ndio wakati ambao watu wengi hutoa baiskeli zao, huzifuta vumbi na kwenda kuwasalimu ndugu walio mbali. Wengine huenda tu kuitazama nchi yao. Hilo ni jambo jema. Baiskeli haikuumbwa kwa ajili ya kubeba magunia na kuni tu.

Lakini safari njema ni ile inayokurudisha nyumbani ukiwa mzima. Leo tutaeleza jinsi ya kutembea kwa baiskeli bondeni bila kurudi na ugonjwa. Tutachukua mfano wa Bonde la Kilombero, katika Mkoa wa Morogoro. Kama wewe unakaa katika bonde jingine lenye mto na mashamba ya mpunga, mengi utakayosoma hapa yanakuhusu pia.

BONDE LENYEWE

Bonde la Kilombero liko kati ya milima miwili. Upande mmoja iko milima ya Udzungwa. Upande wa pili iko milima ya Mahenge. Katikati ardhi imelala kama mkeka. Vijito vingi hushuka kutoka Udzungwa na kuingia Mto Kilombero. Mto Kilombero nao hukutana na Mto Luwegu. Hapo huzaliwa Mto Rufiji, ambao huenda mpaka baharini.

Wakati wa masika Mto Kilombero hufurika. Maji hutanda juu ya ardhi. Yakirudi mtoni huacha tope lenye rutuba. Ndiyo sababu mpunga hustawi sana huko. Lakini maji hayo hayo huacha pia madimbwi na vinamasi. Katika madimbwi na majaruba huzaliana mbu wa malaria. Katika mifereji na maji yaliyotulia huishi konokono wanaoeneza kichocho. Basi tukumbuke jambo hili: maji yanayotupa wali ndiyo pia yanayotupa malaria na kichocho. Hatuwezi kuyakimbia. Tunaweza kujifunza kuishi nayo.

Njia tutakayoifuata inatoka Kidatu mpaka Ifakara. Urefu wake ni karibu kilomita 70. Inapita Mkamba, Sanje, Mang'ula, Kisawasawa na Kiberege. Ukitoka Kidatu, milima ya Udzungwa iko mkono wako wa kulia, yenye msitu mzito. Mkono wa kushoto yako mashamba. Kwanza utaona miwa mingi, baadaye mpunga. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo inapita bondeni humo. Huko Sanje maji huanguka kutoka mlimani kwa urefu wa mita 170 hivi. Anayeyaona hawezi kusahau.

Katika njia hii hakuna mpando mkubwa. Ndiyo sababu Ifakara inajulikana kwa wingi wa baiskeli. Wanaume, wanawake na wanafunzi, wote hupanda.

TAMBARARE HUDANGANYA

Hapo kwenye wepesi ndipo penye mtego. Kilima humwambia mtu ukweli. Ukipanda kilima, kifua kinahema na miguu inauma. Unashuka, unapumzika, unakunywa maji. Lakini tambarare haikuambii kitu. Miguu inazunguka yenyewe. Upepo wa mwendo unakausha jasho, nawe unadhani hukutoka jasho. Unasema, "Bado kidogo, nitapumzika kijiji cha mbele." Kijiji cha mbele kikifika, unasema tena vile vile. Mwisho kichwa kinauma, macho yanaona giza, na jua liko juu ya utosi.

Kwa hiyo katika bonde usingoje mwili ukuambie upumzike. Panga mwenyewe, kabla hujaondoka, utapumzika wapi na saa ngapi.

FAIDA YA BAISKELI MWILINI

Kabla ya kueleza hatari, tueleze faida. Kuendesha baiskeli ni mazoezi mazuri. Moyo hupiga kwa nguvu zaidi na damu huzunguka vizuri. Misuli ya mapaja na miguu hupata nguvu. Mwili hutumia sukari na mafuta yaliyokaa bure. Wataalamu wa afya wanashauri kila mtu mzima apate mazoezi ya kadiri kwa dakika zisizopungua 150 kila juma. Mazoezi ya namna hii husaidia kuzuia ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu na kisukari. Zamani magonjwa haya yalidhaniwa kuwa ya watu wa mjini. Siku hizi yanaonekana vijijini pia.

Kama tayari una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari, usikate tamaa. Ila nenda kwanza zahanati, ueleze safari unayotaka kufanya, na upimwe. Chukua dawa zako za kutosha siku zote za safari.

TENGENEZA BAISKELI YAKO

Baiskeli mbovu huumiza mwili. Siku 2 au 3 kabla ya safari fanya haya:

1. Jaribu breki zote mbili. Mzigo ukiwa kwenye keria, baiskeli husimama kwa taabu zaidi.

2. Pima kiti. Kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini. Mguu wako uwe karibu kunyooka. Kiti kikiwa chini sana, magoti yatauma kabla hujafika Mang'ula.

3. Tazama tairi na jaza upepo. Chukua pampu, viraka na solusheni.

4. Paka mnyororo mafuta. Kaza karanga zilizolegea.

5. Hakikisha kengele inalia. Nyuma weka kitu kinachong'aa, ili dereva wa gari akuone.

Mwanamke anayepanda akiwa amevaa khanga au kitenge aifunge vizuri. Nguo ikishikwa na mnyororo humwangusha mtu ghafla. Mwanamume mwenye suruali pana afunge pindo lake kwa kamba.

Na mtoto je? Kila mwaka watoto huumia kwa sababu mguu umeingia kwenye spoku. Mguu wa mtoto aliyekaa nyuma huning'inia. Akisinzia, unaingia gurudumuni. Ngozi huchubuka mpaka mfupa, na mara nyingine mfupa huvunjika. Kwa hiyo fungia kizuizi cha ubao au turubai pembeni mwa gurudumu, na mpatie mtoto mahali pa kuweka miguu. Mtoto mdogo asiyeweza kujishika mwenyewe asipandishwe nyuma kwa safari ndefu.

SAA ZA KUSAFIRI

Mtu wa kawaida kwenye tambarare huenda kilomita 12 mpaka 15 kwa saa. Kwa hiyo Kidatu mpaka Ifakara ni kazi ya saa 5 mpaka 6 za kukanyaga pedeli, bila kuhesabu mapumziko. Kijana mwenye nguvu anaweza kwenda siku moja. Lakini anayetembea ili aone nchi afanye siku 2. Siku ya kwanza alale Mang'ula. Siku ya pili aende Ifakara.

Ondoka saa 12 asubuhi, mara kunapokucha. Pumzika kila baada ya saa moja, hata kama hujachoka. Ikifika saa 5, tafuta kivuli ukae. Usiendelee mpaka saa 9 alasiri. Kabla jua halijazama uwe umefika unakolala.

Usisafiri usiku. Gari haliwezi kukuona vizuri. Tena tembo wana njia yao ya tangu zamani katika bonde hili, kati ya milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere. Mara nyingi hupita gizani. Ukiwaona, simama mbali, rudi nyuma polepole, waache wapite. Usiwapigie kengele.

MAJI YA KUNYWA NA JUA

Mtu anayeendesha baiskeli juani apate kama vikombe 2 vya maji kila saa. Anywe kidogo kidogo. Asingoje kiu, kwa sababu kiu huja mwili ukiwa umekwisha kupungukiwa. Kuna kipimo kimoja kisichohitaji chombo: tazama mkojo wako. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa wa manjano mazito kama chai, pumzika unywe.

Maji yawe yamechemshwa mpaka yakatokota, au yametiwa dawa ya kuua vijidudu. Maji ya mtoni yanaweza kuonekana safi na huku yana vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Chemsha maji usiku, yaache yapoe, ujaze chupa asubuhi. Pombe haihesabiwi kuwa maji. Humfanya mtu akojoe zaidi, na humwangusha kwenye baiskeli.

Vaa kofia pana au funga kilemba. Kama mwenzako anaanza kulewalewa, anatapika, au anasema maneno yasiyoeleweka, na mwili wake ni wa moto sana, amepigwa na joto. Hiyo ni hatari ya kufa. Mlaze kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na mpepee. Kisha mpelekeni hospitali haraka. Akiwa hajitambui, msimnyweshe kitu.

Ukiharisha njiani, usiendelee na safari. Tumia dawa ya chumvichumvi ya pakiti kutoka zahanati au dukani. Isipopatikana, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Koroga mpaka viyeyuke. Kunywa kidogo kidogo, na nenda zahanati.

USIOGE KATIKA MFEREJI

Sasa tuchukue mfano. Tufikirie mjomba na mpwa wake, kijana wa miaka 14. Wanakwenda Ifakara kumsalimu bibi. Wamefika mahali karibu na mashamba ya mpunga. Ni saa 6 mchana. Jua ni kali. Pembeni uko mfereji wenye maji yaliyotulia.

"Mjomba, tuoge hapa," anasema kijana. "Maji ni safi. Naona hata mchanga wa chini."

"Hapana, mwanangu. Kichocho hakionekani kwa macho."

"Lakini sitayanywa, mjomba. Nitaoga tu."

"Hata kuoga kunatosha. Nisikilize. Mimi nilipokuwa na umri kama wako nilikojoa damu. Wenzangu wakacheka, wakasema sasa nimekuwa mwanamume. Nikaona haya, nikanyamaza. Nilinyamaza miaka mingi. Nilipokwenda hospitali, daktari aliniambia kibofu kimekwisha kuharibika. Mpaka leo nikikojoa naumia."

Kijana akanyamaza. Wakaenda mbele mpaka kwenye bomba la kijiji. Wakaomba ndoo, wakaoga hapo.

Ndugu msomaji, mambo aliyoyasema mjomba huyu wa mfano huwapata watu kweli. Tueleze jinsi yanavyotokea.

Mtu mwenye kichocho cha mkojo akikojoa majini, mayai ya minyoo huingia majini pamoja na mkojo. Mayai huanguliwa. Vijidudu vinavyotoka huingia ndani ya konokono wadogo wa majini. Humo huongezeka sana. Halafu hutoka, hasa wakati wa mchana wa jua, na kuogelea majini vikimtafuta mtu. Vikimkuta, hupenya ngozi yake katika muda wa dakika chache. Huhitaji kuwa na kidonda. Huhitaji kunywa maji. Kuosha miguu tu kunatosha.

Ndani ya mwili vijidudu hukua na kuwa minyoo. Minyoo hutaga mayai mengi, nayo huumiza kibofu. Dalili kubwa ni damu katika mkojo, hasa matone ya mwisho, na maumivu wakati wa kukojoa. Kwa mwanamke mayai huweza kuumiza pia njia ya uzazi. Ugonjwa ukiachwa miaka mingi, huharibu kibofu na figo, na huweza kuleta kansa ya kibofu. Kipo pia kichocho cha tumbo, ambacho huleta kuhara damu na huharibu ini. Mayai yake hutoka na choo kikubwa.

Basi kukojoa damu si dalili ya kuwa mwanamume. Ni ugonjwa, na dawa yake ipo. Inaitwa prazikwanteli. Mganga hupima uzito au urefu wako ili ajue utameza vidonge vingapi.

Tufanye nini safarini?

1. Tuoge kwa maji ya bomba au ya kisima kilichofunikwa. Kama yapo maji ya mto tu, tuyachote, tuyachemshe kwanza, yakipoa tuoge.

2. Maji yaliyowekwa katika chombo chenye kifuniko kwa siku 2 bila kuguswa hayana tena kichocho, kwa sababu vijidudu vyake hufa. Lakini kwa kunywa ni lazima yachemshwe.

3. Tusisukume baiskeli ndani ya maji yaliyotulia kama lipo daraja. Tuzunguke, hata kama njia ni ndefu.

4. Sisi wenyewe tusikojoe wala kwenda choo majini au kando ya maji. Msafiri mmoja mgonjwa anaweza kuacha kichocho katika kijiji kisicho chake.

Mto Kilombero wenyewe una pia mamba na viboko. Usikae ukingoni jioni. Anayetaka kuvuka kwenda upande wa Mahenge apite juu ya daraja kubwa lililozinduliwa mwaka 2018. Zamani watu walivuka kwa kivuko na mitumbwi, na baadhi yao walipoteza maisha.

MBU WA USIKU

Mbu wa malaria huuma hasa kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri. Msafiri huumwa kwa urahisi kwa sababu analala mahali pageni. Anaona haya kumwomba mwenyeji chandarua. Au analala nje ya dungu shambani, kwa kuwa ndani kuna joto.

Usione haya. Beba chandarua chako chenye dawa. Kikikunjwa ni chepesi kuliko kilo moja ya mchele. Kifunge kwenye keria. Beba pia kamba 4 za kukitundikia. Jioni, unapozungumza na wenyeji wako nje, vaa shati la mikono mirefu na ufunike miguu.

Wanaotoka nchi za baridi, kama Njombe au Makete, wawe waangalifu zaidi. Miili yao haijazoea malaria, nayo huweza kuwapata kwa ukali. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 wasilale hata usiku mmoja bila chandarua.

UKIRUDI NYUMBANI

Safari haiishi siku unapofika mlangoni. Malaria huchukua siku 7 au zaidi tangu kuumwa na mbu mpaka homa kuanza. Kwa hiyo ukipata homa wiki 2 au 3 baada ya safari, usiseme ni uchovu. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mwambie mganga, "Nilikuwa Kilombero." Utatobolewa kidole, na majibu hutoka kwa muda mfupi. Ukikutwa na malaria utapewa dawa ya mseto. Imalize yote, hata kama umepata nafuu siku ya pili. Usinunue dawa bila kupimwa.

Kama uliingia kwenye maji yaliyotulia, nenda ukapimwe kichocho baada ya wiki 6 mpaka 8. Ukipima mapema sana mayai huenda yasionekane. Ukiona damu kwenye mkojo usingoje siku hizo. Nenda mara moja, na usione haya. Aliyenyamaza ndiye anayeumia.

Ndugu msomaji, hatukuandika haya ili kukutisha. Bonde ni letu. Tulilime na tulitembelee pia. Toka asubuhi na mapema, ukanyage pedeli polepole, uone ukungu ukipanda kutoka mpungani na milima ikifunguka. Msalimu bibi yako. Lakini beba maji yaliyochemshwa, beba kofia, beba chandarua, na maji ya mfereji yaache yapite.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini mtu anaweza kuchoka sana katika tambarare bila kujua?

2. Je, mtu anaweza kupata kichocho bila kunywa maji ya mfereji? Eleza namna gani.

3. Katika kijiji chenu, msafiri anaweza kuoga wapi bila hatari? Kama hakuna mahali, mnaweza kufanya nini pamoja?

4. Kijana wako akikuambia anakojoa damu, utamwambia nini?

5. Taja vitu 4 vya kufunga kwenye keria kabla ya safari ya siku 2.